Tembo wa ukubwa kamili kwa saruji: naomba msaada asije akapasuka

Kijana wa Himo

Habari zenu wakuu. Nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika na sitaki kuiharibu. Mwenye kambi moja ya watalii njia ya Karatu anataka tembo dume asimame getini kwake, ukubwa wa tembo wa kweli, mita 3 kutoka chini hadi begani. Alinipata kupitia pundamilia wawili na mbuni mmoja niliowajenga kwenye uwanja wa shule ya awali hapa Himo. Wale ni wadogo, pundamilia hawafiki hata kifuani kwangu. Nilifunga fremu ya nondo za milimita 8, nikazungushia magunia ya katani yaliyochovywa kwenye uji wa saruji, halafu nikapiga plasta juu.

Sasa pundamilia mmoja ana ufa mguuni. Unaanzia gotini unashuka mpaka kwatoni, na mvua ikinyesha yanatoka maji ya rangi ya kutu. Hana hata miaka miwili. Nikifikiria tembo mzima akipasuka hivyo mbele ya wageni, usingizi unakata.

Naomba mnisaidie. Saruji au faiba? Nondo za unene gani? Mchanga na saruji nichanganye vipi? Na la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi: nifanyeje afanane na tembo kweli, asiwe mdoli mkubwa? Pundamilia wangu watu wanawatambua kwa mistari. Ukiifuta, sina hakika kama wangejua ni mnyama gani. Tembo hana mistari ya kunisaidia. Nina miezi 3.

Faiba Kisauni

Assalam aleikum ndugu yangu. Mimi kazi yangu ni mashua za faiba hapa Mombasa, na wanyama nimefanya wachache: papa mmoja wa mita 4 na kasa wawili. Nakueleza upande wa faiba ili uamue ukijua.

Faiba inaanza na umbo la udongo la ukubwa uleule. Juu ya umbo hilo unatoa kalibu kwa vipande, yaani ganda la nje linaloshika umbo, na ndani ya kalibu ndipo unapolaza gelkoti, tabaka laini la uso, halafu mkeka wa nyuzi za kioo na resini, gundi ya majimaji inayoganda, tabaka juu ya tabaka. Maana yake ndovu mmoja unamjenga mara mbili kabla hujampata. Ukiwa na oda ya ndovu kumi wanaofanana, kalibu inajilipa. Kwa mmoja, pesa yote inalala kwenye kalibu. Faida yake ni wepesi: ganda la milimita 5 kwa mnyama wa kimo hicho halifiki kilo 300 bila chuma cha ndani, unampakia kwenye lori vipande vipande ukamuunge hukohuko.

Ukiichagua, mambo mawili usiyafanyie mzaha. Katalisti, dawa ya kugandisha resini, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Pima kwa mizani, si kwa kifuniko cha chupa, na kwa joto letu la Pwani mimi sizidishi 1. Na kama resini yako inakuja na kobalti pembeni, ile dawa ya kuharakisha kuganda, kobalti na katalisti zisikutane kamwe zenyewe kwa zenyewe. Moja ikorogwe kwenye resini kwanza mpaka ipotee, ndipo uitie nyingine. Zikikutana peke yake zinashika moto, zinaweza hata kulipuka. Mvuke wa resini nao unataka barakoa yenye vichujio vya kaboni. Ile ya kitambaa haizuii chochote.

Ukifika Nairobi ingia Makumbusho ya Taifa umtazame Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, akafa 1974. Sanamu yake iliyoko uani ni ya faiba, kimo chake mwenyewe. Pembe zake za kweli zilikuwa na kilo 67 kila moja. Simama chini yake, utaelewa kazi uliyopewa. Lakini kwa ndovu mmoja wa getini mimi ningekwenda na saruji, na mafundi wa saruji wamo humu.

Mama Tangi

Mwanangu wa Himo, nimesoma swali lako mara mbili na nimefurahi kwamba umeanza kwa kueleza ufa. Wengi huuficha.

Mimi niko Usa River. Baba yangu alikuwa fundi wa matangi ya maji ya ferosimenti, yale ya ganda jembamba la saruji lililoshikwa na nyavu za waya, na nimekulia ndani ya matangi hayo. Nasema ndani kwa sababu mtoto ndiye aliyeweza kupita kwenye tundu la juu akashika ubao upande wa pili wakati baba anasukuma saruji kwa mwiko kutoka nje. Wanyama nilianza 2003, na mpaka leo naona tangi na tembo ni kazi moja: tangi linazuia maji yasitoke, tembo anazuia maji yasiingie. Fundi wa Kisauni atapenda kujua kwamba ufundi huu ulianza na mashua. Mfaransa Lambot alijenga yake ya waya na saruji mwaka 1848.

Kwanza ufa wako. Maji ya kutu maana yake nondo imepata unyevu. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinaisukuma saruji kutoka ndani mpaka inaachia. Kwa hiyo usiuzibe kwa niru. Utaonekana umepona, na masika inayokuja utafunguka palepale. Chukua patasi, ufungue, upime nondo iko umbali gani kutoka nje. Nadhani utakuta chini ya sentimita 1. Na lile gunia ulilozungushia linashika unyevu, baadaye linaoza, linaacha uwazi kati ya chuma na plasta. Gunia lina kazi yake katika ujenzi huu, nitalifikia, lakini si ndani ya mnyama.

Mimi kosa langu lilikuwa la mchanga. Twiga wa hoteli moja ya ufukweni, mita 4 na nusu, nikakubali mchanga uliokuwa palepale, mweupe, safi kwa macho. Chumvi haionekani. Masika ya pili shingo ikafunguka upande mmoja kuanzia tayani mpaka begani, na tukamvunja kwa nyundo siku mbili, mimi na vijana wawili walewale tuliomjenga pamoja. Mmoja wao alikuwa anaokota vipande vya masikio anaviweka pembeni kama vile tutavitumia tena. Tangu siku hiyo mchanga wangu ni wa mtoni, na hata huo nauosha na kuuchekecha mwenyewe. Tia konzi mbili kwenye chupa ya maji, tikisa, iache usiku kucha. Asubuhi ukiona tope limelala juu ya mchanga kwa unene wa kidole, mrudishie aliyekuletea.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Mnyama hafanani kwa sababu ya ngozi. Anafanana kwa sababu ya mifupa yake na namna uzito unavyokaa miguuni. Ukikosea hapo, hata ukimchonga mikunjo elfu hutamwokoa. Kwa hiyo kabla hujanunua nondo hata moja, nenda kamtazame tembo.

Mimi nilianzia kwenye nyayo. Pale Kwakuchinja, tembo wanapovuka kati ya Tarangire na Manyara, mvua ikishanyesha wanaacha nyayo kwenye tope, nami nilikwenda na mzee mmoja mwenyeji na kamba ya katani. Unaizungusha kamba kwenye ukingo wa wayo wa mbele, unaipima, unazidisha mara mbili: hicho ndicho kimo cha begani, au karibu yake sana. Kamba yangu ilitoa sentimita 142. Nikawa najua kimo cha tembo ambaye sikumwona, mita 2 na sentimita 84 hivi, na nakumbuka nilisimama nikanyoosha mkono juu kutafuta bega lake lingefika wapi hewani. Wako wa mita 3 anataka mguu wa mbele wenye mzunguko wa mita moja na nusu pale chini, yaani upana wa karibu sentimita 48. Mafundi wengi wanampa miguu ya meza. Wayo wa mbele ni duara, wa nyuma umerefuka kama yai. Kucha mara nyingi ni 4 mbele na 3 nyuma.

Mzee yule akanionyesha jambo jingine: wayo wa nyuma ulikuwa umetua karibu juu ya ule wa mbele, upande uleule. Tembo akitembea hutanguliza wa nyuma kushoto, kisha wa mbele kushoto, ndipo anahamia kulia. Ukimpangia miguu ya mbwa anayekimbia, mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Kile unachokiona kama goti kwenye mguu wa mbele ni sawa na kifundo chako cha mkono. Kiwiko kiko juu karibu na mbavu. Mguu wa nyuma goti ni goti, linakunja kama lako. Mgongo unaanzia juu begani, unadidimia katikati, unapanda tena kiunoni. Hapa chunga picha za mtandaoni, nyingi ni za tembo wa Asia, mwenye mgongo uliobinuka kwenda juu na vinundu viwili kichwani. Na kwa kuwa umeambiwa dume, ukimtazama kwa ubavu paji liwe na mviringo. La jike lina kona. Jicho ni dogo, kama sentimita 4 tu. Wengi hapo ndipo wanapompoteza: mwili ni mkubwa, basi wanampa jicho kubwa, na papo hapo anakuwa huyo mdoli unayemwogopa.

Ukishamjua, finyanga mfano wa udongo wenye sentimita 30 begani, kila sentimita 1 isimame badala ya 10 za kweli. Uzungushe, uutazame ukiwa umesimama, ukiwa umechuchumaa, uubadilishe mpaka uridhike. Kisha ukiwa bado laini ukate kwa waya kama mkate, vipande vya sentimita 3. Kila kipande kilaze kwenye karatasi uchore mzunguko wake. Ukiikuza michoro hiyo mara 10 kwa chaki sakafuni, ndizo ringi zako za nondo, moja kila sentimita 30. Kubahatisha kunaishia hapo. Mimi siku ya kukata ule mfano huwa naumia, lakini hakuna njia nyingine ninayoiamini hivi.

Fremu: nondo nne za milimita 16 kila mguu, zichomoze kutoka kwenye msingi. Uti wa mgongo na mstari wa tumbo ni 12, ringi 10, na za kulala kati ya ringi na ringi ni 6, zikiachana sentimita 10 hadi 12. Juu yake wavu wa kuku uliopakwa zinki, tabaka mbili nje na moja ndani, ushonwe kwa waya wa kufungia kila baada ya upana wa kiganja. Bonyeza kwa mkono. Ukibonyea, ongeza mafundo. Ncha zote za waya zikunjwe kuelekea ndani, maana ncha moja ikitokeza ndiyo njia ya kutu. Acha mlango tumboni wa mtu kupita, na tundu la kutolea maji chini ya kila mguu. Mkonga ushushe mpaka uguse chini, usiuache ukining'inia hewani. Watoto wataubembea, hilo halina mjadala. Msingi ni shimo la sentimita 60 chini ya kila mguu, na mkanda wa zege wenye nondo unaounganisha yote manne. Tembo huyu akiisha atakuwa na tani 3 hivi, kwa hiyo mchoro wa miguu na msingi mwonyeshe mhandisi wa ujenzi kabla hujamwaga kitu.

Kuhusu kukadiria vifaa, nilijifunza kuandika kila kitu kutoka kwa Mwingereza Benjamin Waterhouse Hawkins, aliyejenga wanyama wa kale wa Crystal Palace, London. Bustani ilifunguliwa 1854. Alieleza hadharani alichotumia kwa mmoja tu, Iguanodoni: nguzo 4 za chuma za futi 9 zenye unene wa inchi 7, matofali 600, vigae vya mifereji 650, vigae bapa 900, mapipa 38 ya saruji na 90 ya mawe yaliyopondwa. Akasema kazi ile si ndogo kuliko kujenga nyumba juu ya nguzo nne. Nikiisoma orodha hiyo namwona fundi mwenzangu kabisa. Wanyama wake wapo mpaka leo, wakipasuka wanakarabatiwa. Tembo wangu wa mwisho wa kimo chako alikula mifuko 20 ya saruji mwilini na 14 kwenye msingi.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 2 za mchanga. Maji lita 20 hadi 22 kwa mfuko mzima wa kilo 50, basi, hata vijana wakilalamika kwamba ni mgumu. Finyanga tonge, likisimama bila kuchuruzika, liko sawa. Koroga kidogo kidogo, na ule uliokaa zaidi ya saa moja usiufufue kwa maji. Mtu mmoja mwembamba awe ndani ya tumbo na ubao, wewe nje sukuma kwa mwiko mpaka wa ndani akwambie umetokeza kwenye matundu yote. Mtoe nje kila baada ya muda mfupi, mle ndani kuna joto na hewa ni nzito. Vaeni glovu, saruji inakula ngozi. Tabaka la kwanza likwaruze likiwa bichi, la pili kesho yake huku la kwanza lina unyevu. Jumla sentimita 4, na kutoka nondo yoyote mpaka nje zibaki sentimita 2. Pundamilia wako alikosa hizo mbili.

Sasa gunia. Saruji haikauki, inakomaa, na inakomaa kwa maji. Mfunike tembo mzima magunia mabichi, juu yake turubai, umwagilie asubuhi, mchana na jioni siku 14. Upepo wa kule juu Karatu utakausha gunia ndani ya saa mbili, usidanganyike na baridi ya asubuhi. Andika kwenye mkataba kwamba siku hizo ni za kazi, maana mwenye mali akija akaona mnyama amefunikwa na fundi ameshika mpira wa maji, anadhani mmelala.

Ngozi unaipiga baadaye, sehemu moja kwa siku, sentimita 1, mchanga uliochekechwa laini. Kila siku ishia kwenye mkunjo wa asili, nyuma ya sikio, kwapani, chini ya mkia, ili mahali siku mbili zinapoungana pasionekane. Na hapa kuna kitu kimoja nitakuonyesha polepole. Ukichora mkunjo kwa msumari kwenye saruji bichi, kingo zinabaki kali, inakuwa kama udongo uliopasuka kwa jua. Ngozi haiko hivyo. Subiri mpaka ukigusa kwa kidole saruji haikushiki lakini inabonyea. Tandaza nailoni nyembamba, ile ya mfuko mwepesi, uilaze bila kuivuta. Juu ya nailoni bonyeza kwa ubavu wa kijiti. Nailoni inakunja kingo zote mbili kwenda chini, unapata bonde lenye midomo ya mviringo, na kati ya bonde na bonde panabaki panene kama ngozi yenye nyama chini yake. Ibanduke taratibu kuanzia kona moja. Mkongani mikunjo ikate kwa upana, magotini iwe duara, ubavuni iwe michache na mirefu. Fanya kwanza kwenye ubao mara tano kabla hujamgusa tembo.

Mchonga wa Changamwe

Mama Tangi amesema yote, mimi naongeza moja tu kutoka kwenye mti. Sisi tunachonga twiga wa jakaranda wa kuzidi kimo cha mtu, na kijana akija kujifunza kosa lake ni kukimbilia nywele na macho. Ndovu wa getini anaonwa kutoka kwenye gari, hatua 20 au 30. Kwa umbali huo mikunjo haionekani, kinachoonekana ni vivuli: kivuli chini ya shavu, kivuli cha sikio begani, kivuli kati ya tumbo na paja. Ukiweka mikunjo kila mahali unaviua vivuli hivyo, mwili wote unakuwa kijivu kimoja. Acha sehemu kubwa zikiwa tulivu.

Kijana wa Himo

Shikamoo Mama Tangi, shikamooni nyote wakubwa. Nimesoma nikiwa nimekaa pembeni ya pundamilia. Nimefungua ufa kwa patasi kama ulivyoniambia, Mama. Kutoka nje mpaka kwenye nondo ni milimita 6. Gunia limekuwa kama majani ya chai yaliyokwishachujwa, unalitoa kwa vidole. Nondo yenyewe imevimba, inabanduka magamba.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Masikio: ni makubwa na membamba, naogopa yatakatika shingoni. Na rangi. Mwenye kambi amesema kijivu, lakini tembo niliowaona njiani si wa kijivu.

Mama Tangi

Marahaba mwanangu. Milimita 6. Basi umejibiwa na pundamilia mwenyewe, na huyo mwenzake mwenye mguu mzima naye mfungue mapema kabla hajakuita.

Masikio hayagandishwi kichwani baadaye. Yanazaliwa na kichwa. Chukua nondo tatu za milimita 12, zipite ndani ya fuvu kutoka sikio la kulia mpaka la kushoto bila kukatwa, ili sikio moja limshike mwenzake. Ukingo wa sikio pinda kwa nondo ya 8, katikati tawanya za 6 kama mbavu za mwamvuli zikitokea kwenye zile tatu, halafu wavu pande zote mbili. Unene sentimita 3 pale chini, 5 linapoungana na kichwa. Hapa ile kanuni ya sentimita 2 haikai, kwa hiyo chuma chote cha masikio kipakwe rangi ya zinki kabla ya wavu. Kupiga saruji ni watu wawili wanaotazamana, mmoja mbele mmoja nyuma, mkisukuma kwa pamoja, kwa sababu ukipiga upande mmoja peke yake sikio linajipinda usiku na asubuhi hulirudishi. Lielemee kidogo begani, liguse mwili mahali pamoja. Sikio lililobandikwa wazi kama mlango linakamata upepo wote wa Karatu. Fundi wa Changamwe kasema kweli kuhusu vivuli, na kivuli cha sikio begani ndicho kikubwa kuliko vyote.

Rangi, umeona vizuri. Tembo ana rangi ya udongo aliojipaka. Wa Tsavo ni wekundu, wa kreta ya Ngorongoro wanaelekea weupe kwa vumbi lao. Mikunjo yake inashika tope na maji, ndiyo maana ndani ya mkunjo daima pana rangi tofauti na juu. Mimi sipaki rangi ya kopo. Baada ya siku 28 natengeneza uji mwepesi wa saruji, oksaidi (rangi ya unga ya saruji) nyeusi kidogo na nyekundu kidogo zaidi, nampaka mwili mzima, na kabla haujashika nafuta kwa sponji yenye unyevu sehemu zilizotokeza. Unabaki mabondeni. Udongo wa kuigiza chota palepale getini kwa mwenye kambi, ulinganishe na sampuli zako juani, si kivulini. Akishaona, hatakudai kijivu.

Faiba Kisauni

Pembe, ndugu yangu, usizifanye za saruji. Zitamwelemea kichwani bure na ncha zitavunjika. Zitengeneze za faiba juu ya bomba la chuma linaloingia ndani ya fuvu nusu mita na kuchomelewa kwenye fremu kabla hamjapiga plasta ya uso. Bomba liache wazi, pembe yenyewe uivishe mwishoni kama ala. Ikiharibika unaivua bila kumgusa ndovu. Pembe si nyeupe pe, tia kahawia kidogo karibu na mdomo.

Kijana wa Himo

Asanteni sana. Jumamosi nakwenda Kwakuchinja na kamba. Mvua imenyesha juzi.

Mama Tangi

Nenda, lakini usiende peke yako. Mtafute mwenyeji, muingie jua likiwa limepanda vizuri, mtoke kabla ya saa tisa alasiri. Pima wayo wa mbele, ule mkubwa wa duara, upime mitatu ya tembo huyohuyo, kwa sababu kwenye tope laini ukingo unatanuka na kamba itakupa tembo mkubwa kuliko aliyepita. Ule wenye nyufa za unyayo zinazoonekana chini ndio wa kuamini. Na mkikuta kinyesi bado kina joto, kunjeni kamba mrudi.